Mimea ya Kufunika Udongo, Rutuba na Wachavushaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi huanza kupanda mimea ya kufunika udongo wakitafuta rutuba, na nyuki huja baadaye kama nyongeza. Wengine huanza na nyuki. Makundi yote mawili hukwama kwenye swali lile lile: mmea ufyekwe lini? Majibu mengi hapa chini yanaelekea huko.

Mimea ya kufunika udongo ni ipi hasa?

Ni mimea inayopandwa kwa faida ya shamba lenyewe, si kwa ajili ya ghala. Hukaa shambani kipindi ambacho zao kuu halipo, au hupandwa katikati ya mistari ya zao hilo, halafu hufyekwa, hulazwa au hufukiwa. Ikifukiwa ingali mibichi huitwa mbolea ya kijani. Ikiachwa juu ya udongo inakuwa matandazo. Si jambo jipya. Warumi wa kale walipanda lupini na kuifukia ili kurudisha nguvu ya ardhi iliyochoka.

Kwa kawaida tunaigawa katika makundi matatu. Kuna mikunde kama marejea, fiwi, kunde, mbaazi, upupu, klova na vechi. Kuna jamii ya nyasi na nafaka kama rai (nafaka inayofanana na ngano), shayiri, uwele na mtama. Halafu kuna mimea ya majani mapana isiyo mikunde: bakwiti, faselia, haradali, figili, alizeti. Kila kundi lina kazi yake, kwa hiyo chagua kazi kwanza, kundi lifuate, mbegu iwe ya mwisho.

Udongo unafaidika vipi?

Anza na mvua. Tone likigonga udongo mtupu huvunja mabonge madogo ya juu, chembe laini huziba vitundu, na jua likitoka unabaki na ukoko mgumu unaofanya maji yatiririke badala ya kuzama. Majani yakiwepo, tone hufika chini likiwa limeshapoteza kasi. Faida hii huonekana msimu wa kwanza kabisa: simama ukingoni mwa shamba baada ya mvua kubwa uangalie rangi ya maji yanayotoka sehemu iliyofunikwa na yanayotoka sehemu tupu.

Chini ya ardhi ndiko kuna kazi kubwa zaidi. Mzizi hai hauishii kunyonya tu. Hutoa pia sukari na asidi nyepesi zinazolisha bakteria na kuvu walio karibu nao. Viumbe hao hutoa ute unaogandisha chembe za udongo kuwa mabonge madogo yenye nafasi za hewa na maji katikati. Udongo ukikaa miezi kadhaa bila mzizi hai, viumbe hao hubaki kula akiba ya mabaki ya zamani, na mabonge huanza kulegea. Ndiyo maana shamba lililolimwa vizuri, likapigwa haro, kisha likaachwa jeupe likisubiri mvua, linapoteza hata kama kwa macho linaonekana safi.

Mizizi nayo haifanani. Ya nafaka ni mingi na myembamba, hushika tabaka la juu. Mzizi mkuu wa marejea au wa figili ndefu hushuka chini, na ukioza huacha tundu ambalo maji na mizizi ya zao linalofuata hulitumia. Ila nisikudanganye: kwenye tabaka lililogandamana sana, figili hupinda, huota pembeni na sehemu yake ya juu hujisukuma nje ya ardhi. Ukiona hivyo, tatizo lako linahitaji chombo cha kupasua ardhi kwanza, mmea baadaye.

Kuna kazi nyingine ambayo watu huisahau. Baada ya mavuno, udongo hubaki na naitrojeni ambayo zao halikuimaliza. Ikiwa katika hali ya nitrati, huyeyuka na kushuka na maji ya mvua hadi isikofikiwa na mizizi, na mwishowe huingia visimani na mitoni. Rai na shayiri zikipandwa mapema huinyonya na kuihifadhi kwenye majani yake. Kwa kazi hii nafaka huishinda mikunde kwa mbali.

Naitrojeni ya mikunde inatoka wapi, na ni kiasi gani?

Inatoka hewani. Bakteria wa jamii ya rizobia huingia kwenye mizizi, mmea huwajengea vifundo na kuwapa sukari, nao humpa mwenyeji wao naitrojeni anayoweza kuitumia. Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth ndio walioonyesha jambo hili kwa majaribio kati ya 1886 na 1888, na mwaka huo wa 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria hao kutoka kwenye vifundo.

Usichukulie kwamba vifundo vipo kwa sababu tu umepanda mkunde. Wiki tano au sita baada ya kuota, chimbua mmea kwa koleo (usiung'oe kwa mkono, vifundo hubaki ardhini), osha mizizi polepole, kata kifundo kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Kukiwa kweupe, bado ni kichanga au kimelala. Kijani au kijivu maana yake kimechoka.

Usipoona vifundo kabisa, huenda bakteria sahihi hawamo kwenye udongo wako. Kila kundi la mikunde lina bakteria wake: kunde, marejea, mbaazi na fiwi hupokea wa kundi moja, klova wana wao, vechi na njegere wana wao, soya naye ana wake. Chanjo ya mbegu, yaani bakteria hao waliotiwa kwenye pakiti, huuzwa kwa kundi, na bakteria hao ni viumbe hai, kwa hiyo pakiti iliyokaa juani ni sawa na pakiti tupu. Paka mbegu kivulini, panda siku hiyo hiyo.

Kuhusu kiasi, mkunde uliostawi vizuri mara nyingi hubeba kilo 50 hadi 150 za naitrojeni kwa hekta. Sehemu ya hiyo imetoka kwenye udongo wenyewe, si yote hewani. Pia zao linalofuata halipati yote: nusu au chini ya hapo ndiyo hutumika msimu wa kwanza, nyingine hubaki kwenye mabaki na kuachiwa taratibu, na nyingine hupotea.

Nilifukia mimea, zao lililofuata likawa la manjano. Kwa nini?

Yaelekea ulifukia majani makavu au nafaka iliyokomaa. Vijidudu vinavyoozesha mabaki vinahitaji kaboni na naitrojeni kwa uwiano fulani. Mabaki yenye sehemu 25 za kaboni au pungufu kwa sehemu moja ya naitrojeni huoza haraka na kuacha naitrojeni ya ziada. Yakizidi 30 hivi, vijidudu huikopa iliyomo kwenye udongo, na zao lako linasubiri. Mkunde mchanga una uwiano wa kati ya 10 na 20. Rai iliyokomaa ikawa mabua inaweza kufika 80.

Deni hilo hulipwa baadaye, lakini mche wa wiki tatu hauwezi kungoja. Fyeka nafaka mapema zaidi, au changanya na mkunde, au anza na zao la jamii ya mikunde ambalo halitegemei sana naitrojeni ya udongo. Na ukifukia chochote kibichi, ipe ardhi wiki mbili hadi tatu kabla ya kusia mbegu ndogo. Rai hasa hutoa kemikali zinazozuia mbegu ndogo kuota. Hilo ni zuri kwa magugu, baya kwa karoti.

Baada ya muda gani udongo utakuwa mweusi?

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu matarajio makubwa ndiyo yanayowakatisha watu tamaa. Udongo wa juu wa hekta moja, kina cha sentimita 15, una uzito wa karibu tani 2,000. Asilimia moja ya mboji ndani yake ni tani 20. Mfuniko mzuri, yaani mimea ya kufunika udongo iliyostawi, hutoa, tuseme, tani 5 za majani makavu. Sehemu kubwa huliwa na vijidudu na kurudi hewani kama kaboni dayoksaidi; ikibaki tani moja baada ya mwaka, umeongeza asilimia 0.05. Miaka 10 ya kazi safi, nusu ya asilimia.

Hata hivyo usiishie hapo. Maji kuzama haraka, ukoko kupungua, nyungunyungu kuongezeka, hayo huonekana ndani ya msimu mmoja hadi mitatu, muda mrefu kabla ya maabara kuona tofauti kwenye kipimo cha kaboni. Rangi ndiyo dalili inayochelewa kuliko zote.

Wachavushaji wanapata nini?

Mbochi, yaani maji matamu ya ua, ambao ndio nguvu yao ya kuruka, na chavua, yaani unga wa ua, ambayo ni protini ya kulea vichanga. Zaidi ya robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani, lakini mashamba yenyewe huwapa chakula kwa vipindi vifupi. Zao linachanua wiki tatu, kisha kunakuwa na ukimya. Nyuki wa asali ana akiba mzingani na anaweza kwenda kilomita kadhaa. Wenzake hawana.

Na wenzake ndio wengi. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi kati ya hizo huishi kila jike peke yake na kiota chake, bila malkia wala asali ya kuvuna. Wadogo kati yao hawatoki zaidi ya mita mia chache kutoka kiotani. Kwao, ukanda wa maua ulio upande wa pili wa barabara kuu haupo. Ongeza nzi wa maua, vipepeo, nondo na nyigu. Mfuniko unaochanua kipindi cha ukame wa maua unaweza kuwa ndicho kitu pekee kinachowafikisha msimu unaofuata.

Nipande nini ili nyuki waje?

Kwanza toa wasiohusika. Rai, shayiri, uwele na mtama huchavushwa na upepo au hujichavusha, hawatoi mbochi; nyuki huokota chavua yao wakikosa bora. Ukipanda nafaka tupu umeufaa udongo, si wadudu.

Bakwiti ni ya haraka. Huanza kuchanua wiki nne hadi sita baada ya kupandwa, hata kwenye udongo hafifu, na maua yake madogo meupe yamefunguka wazi kiasi kwamba hata nzi na nyuki wenye ulimi mfupi huyafaidi. Hutoa mbochi zaidi asubuhi. Ukifika saa tatu shamba linavuma. Ukirudi saa tisa alasiri utadhani umekosea njia, kumebaki nzi wachache. Mtu anayekagua mchana tu husema bakwiti haina faida kwa nyuki. Haivumilii baridi ya barafu.

Faselia ni kipenzi cha wafugaji nyuki wa nchi za baridi. Huchanua wiki sita hadi nane baada ya kuota, maua ya zambarau yamepangwa kwenye kikonyo kilichojikunja, na kwa kuwa hufunguka moja baada ya jingine kuanzia chini, chakula hudumu wiki kadhaa. Mbegu yake hupenda giza ili iote, kwa hiyo ifunike kwa udongo sentimita moja. Si mkunde wala si ndugu wa haradali, hivyo haiendelezi magonjwa ya mazao mengi.

Mikunde ina kizuizi chake: ua limefungwa. Tazama marejea kwa karibu. Nyuki mdogo hutua, huzunguka, huondoka. Anakuja nyuki mkubwa mweusi, wa wale wanaotoboa mbao. Anashika mabawa ya ua, uzito wake unasukuma petali za chini, na chavua inachomoza kwenye ncha na kumpaka tumboni. Fiwi na mbaazi nazo huvutia sana nyuki hao wakubwa na wale wanaokata majani. Klova nyekundu ndefu ina mrija mrefu kiasi kwamba nyuki wa asali huhangaika kuufikia mbochi. Walowezi wa New Zealand walipoona klova yao haizai mbegu za kutosha, waliagiza nyuki wanene wenye manyoya kutoka Uingereza, na wakafanikiwa kuwaingiza mwaka 1885. Klova nyeupe ni fupi zaidi na nyuki wa asali huimudu.

Kunde hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini hutoa utamu pia nje ya ua, kwenye vikonyo, na hapo utaona nyigu na sisimizi hata kabla haijachanua. Alizeti huita karibu kila mdudu. Haradali nayo huchanua upesi na kutoa chakula kingi, ila usiipande ikifuatiwa na kabichi au sukuma wiki, maana ni ukoo mmoja na maradhi yao ni yale yale.

Ningelazimika kuchagua mchanganyiko mmoja kwa mtu anayeanza, ningechukua bakwiti na mkunde mmoja unaomea vizuri kwenye hali yake ya hewa. Ya kwanza inalisha mapema, wa pili unachukua zamu.

Nifyeke lini?

Hapa ndipo udongo na nyuki hugombana. Mkunde huwa na naitrojeni nyingi zaidi kwenye majani yake unapoanza kuchanua. Baada ya hapo mali huhamia kwenye mbegu na shina huwa gumu. Kwa hiyo vitabu vingi humwambia mkulima: fyeka ua la kwanza likionekana. Ushauri huo ni sahihi kwa naitrojeni, na kwa nyuki una maana kwamba meza imeandaliwa ikaondolewa kabla ya wageni kuketi.

Msimamo wangu ni kwamba usikubali kulazimishwa kuchagua moja. Kuchanua hakuanzi na kuisha kwa siku moja. Ukingoja hadi karibu nusu ya mimea iwe na maua, utapoteza naitrojeni kidogo na utawapa wadudu wiki moja au mbili za chakula. Bora zaidi, fyeka kwa vipande. Sehemu unayotaka kupanda kwanza ifyekwe mapema. Ukanda wa mita chache kila upande uachwe hadi maua yapungue. Kipande cha mwisho kifuate. Wanaolaza mimea kwa rola bila kutumia dawa wana bahati, kwa sababu rai na vechi zikilazwa kabla ya kuchanua huinuka tena, hivyo kungoja maua ni lazima kwao.

Kikomo ni mbegu. Bakwiti huendelea kuchanua huku chini ikiwa imeshaanza kukomaza mbegu, na ukipitisha siku kumi hivi tangu ua la kwanza, angalia kila asubuhi. Mbegu zikianza kugeuka kahawia, muda umekwisha, hata kama juu kungali na maua na nyuki.

Unapofyeka maua yaliyo wazi, fanya hivyo alfajiri au jioni wakati wadudu hawajatoka au wamesharudi, na anza katikati ukielekea nje ili waliomo wapate pa kukimbilia. Mashine za kufyeka zenye kupondaponda majani huua nyuki wengi zikipita mchana wa jua.

Mbegu kiasi gani, kina gani?

Kwa hekta, ikiwa mmea uko peke yake: bakwiti kilo 50 hadi 60, faselia 8 hadi 12, marejea 30 hadi 50, klova 15 hadi 25 kutegemea aina. Ukichanganya aina mbili punguza kila moja. Kujumlisha viwango kamili ni kupoteza mbegu, na inayokua haraka humeza mwenzake. Mbegu ndogo zizikwe nusu sentimita hadi moja, kubwa sentimita tatu hadi tano. Kutawanya tu juu bila kufunika hufanikiwa mara chache, hasa kwa mbegu kubwa ambazo ndege huziona kwanza.

Je, haitanyonya maji ya zao langu?

Inaweza. Mmea hai hutumia maji, na katika maeneo ya mvua chache mfuniko uliochelewa kufyekwa unaweza kuacha udongo mkavu kwa zao linalofuata. Kwa upande mwingine, ukishafyekwa na kuachwa juu, hupunguza joto la ardhi na uvukizi. Kwenye ukavu, fyeka mapema na ubaki na ukanda mdogo tu wa maua pembezoni. Kwenye ardhi inayotuamisha maji, mmea unaokunywa sana ni msaada.

Hautageuka kuwa gugu?

Ukiuachia mbegu zianguke, ndiyo, baadhi yake. Bakwiti na haradali hujiotea tena. Vechi ina mbegu ngumu ambazo hukaa ardhini miaka kadhaa kabla ya kuota, jambo linalokera mashamba ya ngano. Mimea ya kutambaa kama upupu hupanda juu ya chochote kilicho karibu, ikiwemo miti michanga ya matunda. Usipande kitu ambacho katika eneo lako tayari kinajulikana kwa kuvamia.

Upande wa pili wa swali hili ni kwamba mfuniko mzito huyazima magugu vizuri kuliko palizi nyingi. Siri ni kuwahi: mfuniko uliopandwa wiki mbili baada ya magugu kuota utakuwa chini yao.

Vipi wadudu waharibifu?

Mfuniko ni makazi, na makazi hayachagui. Konokono wasio na gamba hupenda matandazo yenye unyevu na wanaweza kumaliza miche usiku mmoja. Nondo wanaozaa viwavi vya kukata mashina hutaga kwenye majani mabichi, sababu nyingine ya kuacha wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Minyoo fundo, minyoo midogo inayovimbisha mizizi, huzaliana kwenye mizizi ya baadhi ya mikunde. Marejea ni tofauti, huwapunguza.

Vidukari kwenye vechi au kunde huwatisha watu, lakini mara nyingi si wale wanaoshambulia zao linalofuata, na huwaleta wadudu-kobe wenye madoadoa (ladybird), pamoja na nzi wa maua ambao vichanga vyao hula vidukari. Wazazi wao hutaka mbochi. Kwa hiyo ua lile lile linalomlisha nyuki linakulipia mlinzi.

Naweza kuendelea kupiga dawa?

Si kwenye mfuniko unaochanua. Kiuadudu kinachopulizwa zao la jirani kikipeperuka juu ya bakwiti iliyojaa nyuki, umewaita kwenye mtego. Kama huna njia ya kuepuka kupuliza, fyeka maua kwanza, subiri wadudu wahame, kisha puliza baada ya jua kuzama upepo ukiwa umetulia. Viuakuvu navyo visionekane salama kwa sababu tu jina halitaji wadudu. Baadhi hukuza sumu ya viuadudu vikichanganywa kwenye bomba moja.

Kuna hatari isiyoonekana kwenye mbegu. Dawa za kundi la neonikotinoidi hupakwa kwenye mbegu, huingia mwilini mwa mmea wote hadi kwenye chavua na mbochi, na mabaki yake hudumu ardhini ambako mmea unaofuata huweza kuyanyonya. Mwaka 2008, bonde la juu la mto Rhine nchini Ujerumani, vumbi la klothianidini kutoka kwenye mbegu za mahindi liliua nyuki wa maelfu ya mizinga. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya nje ya dawa tatu za kundi hilo: klothianidini, imidakloprid na thiamethoksamu. Kwa mfuniko wa nyuki, nunua mbegu zisizopakwa dawa. Mbegu zenye rangi ya ajabu, nyekundu au buluu, uliza zimepakwa nini.

Nikifunika ardhi yote, nyuki wanaochimba watakaa wapi?

Swali zuri, na wengi hawalifikirii. Aina nyingi za nyuki, karibu saba kati ya kila kumi, hujenga ardhini. Utaona tundu la milimita chache, limezungukwa na kifusi kidogo cha udongo laini, mara nyingi kwenye mteremko unaopata jua. Wanahitaji ardhi iliyo wazi na isiyolimwa. Matandazo mazito huwafungia mlango, jembe la kina huvunja vyumba vyenye vichanga.

Acha basi vipande vidogo bila mfuniko: ukingo wa njia, mgongo wa tuta, kona ambayo trekta haigeuzi. Visilimwe. Pia acha mabua yenye uwazi na magogo makavu kwa wale wanaojenga juu ya ardhi.

Mifugo inaweza kula mfuniko?

Mingi ndiyo, na kinyesi chao hurudisha sehemu kubwa ya virutubisho. Tahadhari ni chache lakini za kweli. Klova mbichi yenye umande hujaza ng'ombe gesi tumboni, wakati mwingine hadi kufa. Baadhi ya aina za marejea zina sumu ya ini, kwa hiyo jua aina uliyonayo. Mbegu za upupu hazifai kulishwa ovyo, na maganda ya aina ya mwituni huwasha vibaya; tafuta aina isiyowasha. Klova tamu iliyoota ukungu ikihifadhiwa kama nyasi kavu huzuia damu isigande. Ng'ombe wa Amerika Kaskazini walikufa kwa kuvuja damu miaka ya 1920 kwa sababu hiyo, na uchunguzi wa kisa hicho ndio uliozaa dawa ya warfarini.

Niache mbolea ya dukani?

Usiache ghafla. Mkunde huongeza naitrojeni, lakini fosforasi na potasiamu hazitoki hewani. Mmea huweza tu kuziinua kutoka chini au kuzifungua. Kinachotoka na mavuno lazima kirudishwe kwa samadi, mboji au mbolea. Udongo wenye asidi kali nao huhitaji chokaa, la sivyo hata vifundo havitaundwa vizuri. Pima kwanza, kisha punguza naitrojeni kidogo kidogo.

Nina kibustani tu. Inafaa?

Inafaa, na bustani ina uhuru ambao shamba kubwa halina: unaweza kufyeka kwa mkasi, tuta moja leo, jingine wiki ijayo, maua yasikatike. Chagua mimea laini inayokatika kirahisi kama bakwiti na faselia. Rai kwenye tuta dogo itakuchosha mgongo kuing'oa.

Nitajuaje kwamba inafanya kazi?

Acha kipande kimoja bila mfuniko, kwenye udongo ule ule. Bila hicho utalinganisha msimu wa mvua nzuri na msimu wa ukame na kudhani umejifunza kitu.

Kisha chukua bonge la udongo mkavu la ukubwa wa yai kutoka kila upande, uliweke kwenye wavu juu ya chupa ya maji safi. Udongo dhaifu hutawanyika ndani ya dakika chache na kuyafanya maji tope. Wenye afya hubaki bonge. Chimba shimo la sentimita 20 kila upande wakati wa unyevu, vunja udongo kwenye turubai, hesabu nyungunyungu.

Kwa wadudu, weka fremu ya mita moja ya mraba juu ya maua, keti dakika kumi, siku ya jua isiyo na upepo. Andika makundi tu: nyuki wa asali, nyuki wengine, nzi wa maua, vipepeo. Nzi wa maua hujifanya nyuki, ila ana mabawa mawili, macho makubwa na papasi fupi sana. Rudia saa ile ile, kwa sababu umeshaona jinsi bakwiti ya asubuhi isivyofanana na ya alasiri. Ukipeleka udongo maabara, chukua sampuli kutoka kina kile kile, majira yale yale, na upeleke maabara ile ile, maana mbinu tofauti za kupima kaboni hutoa namba ambazo huwezi kuzilinganisha.